Meno yangu yaliyochoka, ning'oe yote?

SWALI: Dokta, natengenezewa mdomo mzima kwa awamu. Daktari mmoja kasema tung'oe yote tuweke impulanti (vile vijiti vya chuma vinavyopandikizwa kwenye mfupa wa taya kushika meno bandia), mwingine anasema yale manne yanayocheza kidogo tuyaache kwanza. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu yangu usikimbilie kung'oa, jino likishatoka halirudi na mfupa uliokuwa umelishika unaanza kusinyaa, tena sana ndani ya mwaka wa kwanza. Hata jino lililochoka linaweza kubeba daraja la muda, yaani meno bandia yaliyounganishwa na kushikizwa kwenye meno yako mwenyewe, kwa miezi 3 hadi 6 wakati impulanti zinashikana na mfupa, kwa hiyo unaendelea kutafuna bila meno ya kuvaa na kuvua, na dokta naye haupotezi ule mpangilio wa meno ya juu na ya chini yanavyokutana ukifunga mdomo. Ila fizi zisafishwe kwanza na mzizi wenye usaha utibiwe. Mimi huwa naangalia sana sehemu ya jino iliyo nzima iliyobaki juu ya fizi, ikiwa na kimo cha kama milimita 2 pande zote jino bado lina matumaini. Lililopasuka mzizi kwa urefu hilo litoke tu. Na kama unavuta sigara acha sasa hivi, nakuomba kabisa.