Jibu: Gari la kazi la kulala njiani wakati wa dharura

Habari za jioni, ndugu. Umeuliza kama uchukue Hiace au pikapu ya kebini mbili kwa kupeleka salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, Tandahimba na Newala, huku gari hilohilo likufae kulala njia inapokatika.

Nafanya biashara hiyo kutokea Mtwara mjini, na ningechukua Hiace, mradi iwe inayovuta magurudumu yote manne. Mwezi Mei 2024, barabara ya Dar es Salaam ilipokatika Somanga, nililala ndani ya yangu siku mbili. Jirani yangu mwenye pikapu alikesha ameketi.

Kabla hujafungua boneti, ingia nyuma ulale chali: kutoka mgongo wa kiti hadi mlangoni panahitajika urefu wako na shubiri moja ya ziada, na sakafu iwe tambarare, kwa kuwa kiti kinachokunjika nusu kitakuumiza kiuno kuliko hata ardhi tupu. Kisha ukague kutu chini ya gari, hasa likiwa limekaa karibu na bahari.

Wengi husahau salfa yenyewe. Vumbi lake huwasha macho na koo, kwa hiyo mifuko ihamie kwenye keria, chini ya turubai, kabla hujatandika godoro. Usilale injini ikiunguruma wala jiko la mkaa likiwaka ndani. Funga neti madirishani, maana joto la huku litakulazimisha kushusha vioo.

Pikapu ningeichagua endapo safari zako nyingi huishia mashambani kwenye tope. Hiace ya dizeli sijawahi kuimiliki, hivyo hapo wasikilize wengine.