Magadi hayageuzi mafuta kuwa sabuni (kwa dada wa Usa River)

Dada wa Usa River aliuliza jana: kachemsha mafuta ya alizeti na magadi kwa saa tatu, kapata uji unaoteleza, haugandi, na mafuta yanaelea juu. Anataka kujua aongeze magadi kiasi gani. Dada yangu, usiongeze. Hata ukimwaga gunia zima haitaganda.

Niko Moshi, huu ni mwaka wa sita natengeneza sabuni za mche na za kuogea, na nilianzia hapo hapo ulipo. Magadi yanashawishi kweli. Yanateleza mkononi, yanalainisha maharage ya kiburu, ukiyatia kwenye maji magumu nguo zinatakata. Halafu yapo jirani, Ziwa Natron liko mkoani kwenu. Ila hayo ni sodiamu kaboneti na baikaboneti, alkali dhaifu. Mafuta yamejengwa hivi: glaserini moja imeshikana na asidi tatu za mafuta. Wa kuwaachanisha ni sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki. Ikishakata, sodiamu inashikana na zile asidi, hiyo ndiyo sabuni, na glaserini inabaki humo humo kutunza ngozi. Ule utelezi wako ni wa magadi yenyewe na asidi kidogo zilizokuwa zimeshaachia, hasa kama mafuta yalishakaangiwa.

Nenda kwenye kostiki, lakini nenda na mizani. Hapa ndipo nilipoumiza mtu. Nilikuwa natumia mafuta ya nazi, gramu 183 za kostiki kwa kilo moja. Siku moja nazi ikapanda bei pale Mbuyuni, nikanunua alizeti, nikaacha kipimo kile kile. Alizeti inataka gramu 134 tu. Gramu 49 zikabaki hazina mafuta ya kuyala, zikala mikono ya shangazi yangu aliyefulia sabuni ile. Ngozi ilimbabuka wiki nzima, na mpaka leo nikipima namkumbuka.

Kila mafuta yana kipimo chake. Mawese ni kama gramu 142 kwa kilo. Ukichanganya mawese gramu 600, nazi 300 na alizeti 100, unapata 85 + 55 + 13, jumla gramu 153 za kostiki. Punguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki, tumia 145, na maji gramu 300. Nazi inaleta povu na ugumu, lakini ikizidi sana inakausha ngozi. Alizeti peke yake hutoa sabuni laini inayoyeyuka upesi bafuni.

Kostiki ndiyo inamiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, maana inachemka ghafla na kuruka usoni. Vaa glovu na miwani, fanyia nje, watoto wakae mbali. Tumia ndoo ngumu ya plastiki au chuma cha pua. Sufuria ya alumini, hizi tunazopikia kila siku, inaliwa na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Kostiki ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, usihangaike na siki.

Na kopo lifunge kila mara. Kostiki iliyoachwa wazi inanyonya unyevu na kabonidioksaidi ya hewani, inageuka polepole kuwa sodiamu kaboneti, yaani ndugu wa yale magadi yako. Utapima gramu 145 sawasawa na bado sabuni isishike. Ule unga mweupe unaoota juu ya mche mpya mara nyingi ni huo huo.

Ukishakata miche, iache ikae wiki 4 hadi 6 penye hewa kabla ya kumpa mtu. Niandikie hapa una mafuta gani na gramu ngapi za kila moja, nikupigie hesabu kabla hujafungua kopo.