Je, nyoka wa baharini anaweza kufika Mtera?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Dodoma, nauza samaki wa Bwawa la Mtera. Nilipokwenda Bagamoyo niliona ufukweni nyoka mweusi mgongoni, wa njano tumboni, mkia bapa wenye madoa, amelala kama mfu. Wavuvi walinikataza kumgusa. Je, ana sumu? Na kwa kuwa maji ya Mtera huishia baharini, hawezi kupanda mto hadi kwetu?

JIBU: Ndugu msomaji, wavuvi hao walikushauri vema. Kwa sifa ulizozitaja, huyo ni nyoka wa baharini mwenye tumbo la njano, ambaye wataalamu humwita Hydrophis platurus, na ndiye nyoka pekee wa baharini anayejulikana katika pwani yetu. Wengi wanaodhaniwa kuwa nyoka wa baharini katika maji ya miamba ni mikunga, ambao ni samaki.

Maisha yake yote ni ya bahari kuu. Huelea juu ya maji, hasa pale mikondo inapokutana na kukusanya povu, mwani na vijiti, na samaki wadogo wanaojificha chini ya takataka hizo ndio chakula chake. Huzaa watoto hai humo humo majini. Kwa kuwa hana jiwe wala mti wa kujisugulia anapojivua gamba, hujifunga fundo kwa mwili wake mwenyewe, kisha huliteleza fundo hilo kutoka upande mmoja hadi mwingine mpaka ngozi kuukuu itoke. Jambo linalonistaajabisha zaidi ni kiu yake: ingawa ana tezi ya kutoa chumvi chini ya ulimi, hategemei maji ya bahari kwa kunywa, bali husubiri mvua kubwa itandaze maji baridi juu ya yale ya chumvi. Watafiti waliomchunguza katika pwani ya Kosta Rika walibaini kuwa anaweza kukaa na kiu miezi kadhaa ya kiangazi, hali ambayo sisi wa Dodoma tunaielewa vizuri.

Sumu anayo, tena kali. Chonge zake ni fupi mno na jeraha huwa dogo, mara nyingi bila maumivu wala uvimbe, kwa hiyo aliyeumwa huweza kuendelea na shughuli zake hadi, baada ya nusu saa au saa kadhaa, misuli inapoanza kuuma na kukakamaa, kope zinapolegea, na mkojo unapogeuka rangi ya kahawia iliyokoza; figo nazo zinaweza kushindwa kazi. Kiungo kilichoumwa kisichanjwe wala kunyonywa, bali kitulizwe, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja hata kama anajiona mzima.

Kuhusu Mtera, ondoa shaka. Nyoka huyu hana magamba mapana ya tumboni ambayo nyoka wa nchi kavu huyatumia kujisukuma, ndiyo maana ulimkuta hoi mchangani, akiwa pengine bado hai na mwenye uwezo wa kuuma. Ili afike kwenu ingempasa aache bahari, apande Rufiji hadi Ruaha Mkuu, na avuke kuta za Bwawa la Julius Nyerere na la Kidatu. Nyoka mnaowaona wakiogelea Mtera ni wa huko huko bara, kwani karibu nyoka wote wanajua kuogelea.