Stabilaiza haibebi mzigo, lakini irudishe

SWALI: Ndugu mwandishi, nina Toyota Hilux ya kabini moja ninayobebea kabichi na matenga ya nyanya kutoka Lushoto kushuka Mombo, na mara nyingine hadi Dar es Salaam. Mbele ilikuwa ikigonga kila nilipopita kwenye mashimo. Fundi alifungua stabilaiza akaiweka kando, akasema ni chuma cha magari madogo ya kutembelea na kwamba gari la mzigo linataka springi nzito tu. Mlio umekwisha kweli, ila kwenye kona za Soni gari linalala kuliko zamani. Niirudishe, au niongeze springi za nyuma? – Msomaji, Lushoto

JIBU: Ndugu msomaji, irudishe kabla hujapakia tena, habari ya springi tutaizungumza baadaye.

Stabilaiza ni fimbo ya chuma inayotoka upande wa gurudumu la kushoto hadi la kulia, ikiwa imeshikwa kwenye chesisi kwa bushi mbili za mpira na kuungwa na mikono ya magurudumu kwa linki, yaani vijiti vifupi vya kuunganishia. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, fimbo hiyo huzunguka tu ndani ya bushi zake, na ndiyo maana haibebi hata kilo moja ya mzigo wako. Gari likiingia kona na kuegemea nje, upande mmoja hubonyea na mwingine hunyanyuka, na hapo fimbo hujisokota na kuupinga mlalo huo. Kwa hiyo gari lenye matenga yaliyopangana hadi juu ya kabini linaihitaji kuliko gari dogo la kutembelea, kwa sababu uzito wake umekaa juu.

Hilux nyingi zina stabilaiza mbele tu. Nyuma, ukakamavu wa springi za majani ndio unaozuia mlalo. Ukiiacha ya mbele nje kisha ukakaza nyuma kwa springi nzito, karibu kazi yote ya kuzuia mlalo inahamia nyuma, na mkia wa gari unakuwa mwepesi kuteleza kwenye kona yenye tope au lami iliyolowa. Hapo ndipo ushauri uliopewa unaponitia hofu zaidi, kwa kuwa njia yako ni ya mteremko na mvua.

Wapo madereva wanaofungua stabilaiza kwa sababu ya haki kabisa: wakipanda miamba kwa mwendo wa mtu anayetembea, hutaka kila gurudumu lishuke na kupanda peke yake. Lakini huifunga tena kabla ya kurudi barabarani.

Mlio uliokuwa ukiusikia kwa kawaida hutokana na linki au bushi zilizochakaa. Shika linki kwa mkono na kuitikisa, ikicheza, imekwisha. Tazama pia pale bushi inaposhika fimbo: chuma kikiwa kimeng'aa kama kilichopigwa msasa, mpira umeliwa. Vipuri hivi ni vya bei ndogo, na kuvibadilisha ni kazi ya muda mfupi.

Sasa springi. Pakia uzito unaoruhusiwa na mtengenezaji, kisha tazama nyuma. Ikiwa majani yamepinda kinyume na ekseli inagonga mpira wa kuizuia, springi zimechoka. Badilisha seti nzima pande zote mbili, pamoja na shokapu zinazolingana nazo, maana shokapu dhaifu haiwezi kutuliza springi nzito na gari likiwa tupu litarukaruka. Kuongeza jani hakuongezi uzito unaoruhusiwa, kwa kuwa ekseli, beringi, breki na chesisi vimebaki vilevile. Tairi nazo zina mpaka wake: namba 112 ubavuni maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja iliyojazwa upepo inavyotakiwa.

Jambo moja husahauliwa na mafundi wengi. Hilux nyingi za miaka iliyopita zina vali ya breki iliyofungwa kwenye chesisi na kuunganishwa na ekseli ya nyuma kwa kijiti. Nyuma ikididimia, vali hujua kuna mzigo na kuzipa breki za nyuma nguvu zaidi. Springi mpya zikiinua nyuma, vali hudhani gari ni tupu na kuzipunguzia breki hizo nguvu, hata ukiwa umebeba kabichi za kujaa. Mwambie fundi airekebishe vali hiyo siku ileile anapofunga springi, kisha mjaribu breki mkiwa na mzigo mahali tambarare kabla ya kuteremka Soni.