Rangi kwenye kitako cha risasi

SWALI: Shikamoo Babu. Shemeji yangu yuko Marekani, ni mwindaji na risasi za bunduki yake hujaza mwenyewe. Kwenye video aliyonitumia nimeona zina rangi nyekundu na buluu kitakoni. Ni urembo tu? – Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Marahaba mwanangu. Urembo wapi! Maandishi yaliyogongwa kitakoni ni ya kiwanda kilichotengeneza ganda. Kilichomo ndani hayakisemi. Ganda lilelile la .30-06 (aina ya risasi ya bunduki) hubeba kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, cha greni 150 (gramu 9.7) au 180 (gramu 11.7). Ukizichanganya, bunduki iliyolengeshwa kwa moja, nyingine itaangukia pengine. Basi wajazaji hupitisha mstari wa kalamu ya wino usiofutika juu ya fataki, yaani kile kidude cha katikati ya kitako kinachowasha baruti kikigongwa, kila aina na rangi yake. Wengine hutumia rangi ya kucha; mimi siipendi, ikiwa nene huganda kwenye mtambo wa bunduki. Kugonga alama kwa msumari kwenye risasi iliyojaa, hasha!

Rangi hizi hazina kanuni, kila mtu na zake. Mwambie shemeji akupigie picha karatasi ya ndani ya boksi: baruti gani, uzito gani, kichwa kipi, tarehe. Kama hana karatasi, mgombeze kwa niaba yangu.