Maswali ya Wasomaji: Majina Makubwa ya Visiwa Vyetu na Waliokuwa Nyuma Yao

Tangu tulipoanza kuandika habari za watu mashuhuri wa Unguja na Pemba, barua zimetufikia kutoka Wete mpaka Makunduchi, na nyingi zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: fulani alikuwa mtu mwema au mbaya? Nimechagua saba, nami nitazijibu kwa kadiri nafasi inavyoruhusu.

Maalim, skuli tulifundishwa kwamba Sayyid Barghash ndiye aliyefuta utumwa, lakini babu yangu humtaja kwa maji tu. Nani aliye sahihi? (Mwanafunzi, Chake Chake)

Babu yako yuko karibu zaidi na ukweli. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini kwa mabomba maji ya chemchemi ya Chem Chem, na watu waliokuwa wakitegemea visima wakapata maji safi karibu na milango yao. Jambo hilo liliingia katika maisha ya kila nyumba, ndiyo maana limekaa katika vinywa vya wazee kuliko hata Beit al-Ajaib aliyoijenga mwaka 1883.

Kuhusu utumwa, mambo hayakuwa mepesi namna hiyo. Mwanzoni mwa 1873 mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alimletea mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa, naye akaukataa. Dhoruba kubwa ya 1872 ilikuwa imekwisha kuing'oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja merikebu zake, kwa hiyo hazina yake ilikuwa dhaifu. Balozi John Kirk alipomjulisha kwamba manowari za Kiingereza zingekizingira kisiwa, alitia saini tarehe 5 Juni 1873, na soko la Mkunazini likafungwa. Kanisa kuu la Kianglikana, lililojengwa chini ya uongozi wa Askofu Edward Steere, linasimama hadi leo juu ya ardhi hiyo hiyo.

Lakini kilichozuiwa ni soko na usafirishaji wa baharini. Pemba, ambayo mikarafuu yake ilinusurika na dhoruba, ndiyo kwanza ilikuwa inahitaji mikono mingi zaidi ya kuchuma na kuchambua makonyo, na mtu aliyekuwa juu ya mkarafuu wa Pemba mwaka 1880 alikuwa angali mali ya mtu mwingine. Iliwabidi watu hao wangoje hadi tarehe 6 Aprili 1897, wakati wa Sayyid Hamoud bin Muhammed, ndipo utumwa ulipoondolewa kisheria, na hata hapo ilimlazimu mtumwa aende mwenyewe mbele ya mahakama kuomba uhuru wake. Masuria hawakuingizwa katika sheria hiyo hadi 1909. Ukiandika katika mtihani wako kwamba Barghash alifuta utumwa mwaka 1873, mwanangu, utakuwa umewafuta watu wa miaka 24 iliyofuata.

Vijana wenzangu barazani hucheka kwamba vita vya Zanzibar vilikwisha kabla chai haijapoa. Ni kweli vilikuwa vya dakika 38? (Msomaji, Malindi)

Ni kweli kwamba vilikuwa vifupi mno, na hesabu zinazotajwa ni kati ya dakika 38 na 45. Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ya ridhaa ya Waingereza, ambao tangu 1890 walikuwa wameiweka nchi chini ya himaya yao. Walimpa muda hadi saa tatu ya asubuhi ya tarehe 27, naye hakutoka. Mizinga ya manowari ikafyatuliwa.

Ninalowaomba vijana wa barazani ni kwamba, kabla ya kucheka, waitazame hesabu nyingine. Upande wa kasri waliouawa na kujeruhiwa walikuwa wapatao 500, na upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Ndani ya majengo yale, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya mbao, walikuwamo walinzi, watumishi, watumwa na raia waliokusanyika kumuunga mkono mtawala wao. Beit al-Hukm, mojawapo ya majumba ya kasri, liliharibiwa vibaya. Khalid mwenyewe alinusurika: alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam, akakamatwa na Waingereza mwaka 1916, akahamishiwa Saint Helena na kisha Shelisheli, na hatimaye akafia Mombasa mwaka 1927. Yeye ana tarehe ya kufa na mahali pa kufia. Wale 500 wamebaki tarakimu, na tarakimu hiyo nayo siku hizi hutajwa kwa kicheko.

Bibi yangu hapendi jina la Salme litajwe nyumbani, kwa kuwa aliacha dini akamfuata mzungu. Je, inafaa tumsome? (Msomaji wa kike, Mkoani)

Nisalimie bibi, na umwambie kwamba simtaki abadili msimamo wake. Hata hivyo nitakujibu kwamba inafaa, tena inafaa sana, kwa sababu Sayyida Salme ametuachia kitu ambacho hakuna mwingine wa zama zake aliyetuachia.

Alizaliwa kasri la Mtoni tarehe 30 Agosti 1844, binti wa Sayyid Said bin Sultan na suria wake Jilfidan, aliyetoka pande za milima ya Caucasus. Mabinti wa kasri walifundishwa kusoma Qur'ani, lakini hawakufundishwa kuandika. Salme alichukua mfupa wa bega la ngamia uliosuguliwa mpaka ukawa laini, akaufanya ubao wake, akaketi kwa siri kunakili herufi za msahafu, moja baada ya moja, hadi mkono ukazoea. Nauona mfupa ule kila ninapomfikiria. Ujuzi huo ndio uliombadilishia maisha, kwani mwaka 1859 kaka yake Barghash alipoinuka dhidi ya ndugu yao Majid, aliyekuwa mtawala, binti huyu wa miaka 15 ndiye aliyeandika barua za upande wa Barghash.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza kwenda Aden, na mwaka uliofuata akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, wakaenda kuishi Hamburg. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika mji wa baridi na lugha ngeni. Alirudi hapa mwaka 1885 pamoja na manowari za Kijerumani, kwa kuwa wakubwa wa Berlin waliona faida ya kuwa naye, na Barghash, ambaye Salme aliwahi kumwandikia barua za hatari, akakataa kumpokea.

Kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo mna chakula cha kasri, malezi ya watoto, maradhi, harusi na magomvi ya masuria, yote yakielezwa na mtu aliyekuwa ndani. Mna pia kurasa ambazo anautetea utumwa, na kurasa hizo nazo zisirukwe, kwa kuwa mwandishi aliyejua uchungu wa kunyimwa kalamu hakuuona uchungu wa wale waliokuwa wakimpepea. Alifariki Jena mwaka 1924 na kuzikwa Hamburg. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake kulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Zanzibar.

Ni kweli kwamba mwimbaji Freddie Mercury alikuwa Mzanzibari? (Msomaji, Kiembesamaki)

Alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, katika familia ya Waparsi. Alipelekwa India kusoma akiwa mdogo, na mwaka 1964 familia yake ikahamia Uingereza, ambako ndiko alikopatia umaarufu wake.

Kwa maoni yako, Maalim, jina la Tippu Tip lingeondolewa kwenye nyumba yake ya Shangani? (Mwalimu wa historia, Unguja)

Hapana, mwalimu mwenzangu. Ningependa libaki, na hapo hapo mlangoni ielezwe mali ile ilitoka wapi. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyefariki mjini Unguja mwaka 1905, aliongoza misafara ya pembe za ndovu na watumwa hadi Manyema, mashariki ya Kongo, na ng'ambo yake, na mwaka 1887 akakubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Tuna bahati kwamba aliyasimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapishwa na Mjerumani Heinrich Brode, nayo ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa za lugha yetu. Kiswahili chake ni kikavu na cha haraka, Kiswahili cha mtu wa hesabu. Wape wanafunzi wako ukurasa mmoja, uwaambie waangalie jinsi pembe zinavyohesabiwa kwa frasila, kisha wawatafute walioibeba mizigo hiyo mabegani na kuona wametajwa kwa namna gani.

Sisi watu wa Fumba tunajivunia Siti binti Saad, lakini watoto wetu wanamjua kwa jina tu. Tuwaambie nini? (Mzazi, Fumba)

Waambieni kwanza kwamba jina alilopewa alipozaliwa, mnamo 1880, lilikuwa Mtumwa. Waambieni kwamba alikuwa akitembea kwa miguu kutoka shamba hadi mjini akiwa na vyungu kichwani, akivinadi kwa sauti njia nzima, na kwamba sauti hiyo ya kuuzia vyungu ndiyo iliyomfungulia milango alipohamia mjini mwaka 1911. Taarabu ya kasri ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye na wenzake waliiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 wakasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Nyimbo zake zilichukua kesi za mahakamani, hila za wenye fedha na madhila ya wanawake, zikayasema hadharani. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu.

Kwa maoni yangu, huyu ndiye mkubwa kuliko wote tuliowataja leo, kwa kuwa ametoka miongoni mwa wale ambao wengine waliwahesabu bila ya kuwataja, akaleta majina na mashauri yao mpaka kwenye santuri.

Je, Mkame Ndume alikuwa mtu wa kweli au ni hadithi ya kutishia watoto? (Msomaji, Wete)

Magofu ya Pujini, hapo Pemba, ambako wazee husema Mkame Ndume alitawala, ni ya kweli kabisa. Ni ngome ya karne ya 15, yenye boma la udongo na handaki lililochimbwa kuzunguka pande zake, na hakuna aliyewahi kulichimba handaki kama lile kwa ajili ya hadithi. Kuhusu mtawala mwenyewe tunayo masimulizi ya wazee, wanaosema kwamba alikuwa mkali kiasi cha kuwalazimisha watu wabebe mawe wakiwa wanasota, makalio yakiburura chini, kwa kuwa kusimama mbele yake ilikuwa dharau.

Niliwahi kuwapeleka wanafunzi pale. Mmoja wao, baada ya kusikia masimulizi hayo, aliketi chini karibu na boma, akapakata jiwe lenye ukubwa wa nazi, akajaribu kusota nalo. Alikwenda kama pima mbili, akaliacha, akainuka akikung'uta mchanga, kisha akalitazama boma lote kutoka mwanzo hadi mwisho na kuniuliza walikuwa watu wangapi.