Shangazi, nimpeleke mama chai ya pauni 80?

*Shikamoo Shangazi. Nina watoto wawili, naishi Luton, Uingereza, na mume wangu. Kwetu ni Bumbuli, Lushoto. Mama alikuja kabla sijajifungua, akanilea uzazi, na sasa mtoto ana miezi minne. Mwezi ujao anarudi nyumbani. Tangu afike hajaenda popote zaidi ya msikitini, sokoni na kliniki. Nataka kabla hajaondoka nimpeleke London, kwenye hoteli moja kubwa, akanywe chai ya alasiri kama wanavyokunywa Waingereza, na keki zao na vile visandwichi vinavyopangwa kwenye sinia la ghorofa tatu. Mama amechuma chai maisha yake yote, na chai ndiyo iliyotusomesha. Rafiki yangu alimpeleka mama yake hoteli hiyo mwaka jana na zile picha hazinitoki kichwani. Bei ni pauni 80 kwa mtu mmoja. Nimejiwekea akiba kidogo kidogo kutoka kazi yangu ya kutunza wazee, mume wangu hajui. Nilipomgusia kama utani, akasema huo ni wendawazimu, zaidi ya laki tano za kwetu ziishie kwenye chai wakati chai ipo jikoni na paa la mama linavuja. Mama naye akijua bei hatakubali, kwa hiyo nafikiria kumwambia ni ofa ya bure. Je, huu ni ubadhirifu?*

*Binti wa Bumbuli*

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto. Siku za mama zimebaki chache, kwa hiyo jibu nakupa kwanza: mpeleke. Hiyo hoteli ya pauni 80 iache, ila mama mpeleke.

Nianze na baba watoto, maana hoja yake wengi wanaosoma hapa wataiunga mkono. Anasema chai ipo jikoni. Ni kweli ipo, lakini anaipika nani? Mama yako amevuka bahari akiwa na umri wake, akakuta baridi, akakukanda kwa maji ya moto, akakupikia uji wa pilipili manga, akaamka usiku mtoto alipolia. Hapo kwako hata leo, watu wakiwa mezani na sukari ikaisha, anayeinuka ni yeye. Ukimwambia "mama kaa", anakaa kidogo, halafu unasikia sufuria zinalia jikoni. Mama zetu hawawezi kutulia kwenye nyumba ambayo mtoto wao anaonekana amechoka. Ndiyo maana chai ya jikoni kwako haiwezi kuwa zawadi kwake, hata ungeweka iliki na karafuu za Pemba nzima. Unachotaka kumlipia ni mahali ambapo hana pa kuinukia: mwingine amimine, mwingine aondoe vyombo, na yeye asijue hata sinki liko upande gani. Hicho kina thamani, na kwa mwanamke aliyelea watoto na kuchuma chai maisha yake yote, mimi nasema kina thamani kubwa.

Desturi hii yenyewe ilianzia kwenye kukaa na watu. Inasimuliwa kwamba karibu mwaka 1840, Anna, Duchess wa Bedford, yaani mke wa kabaila mkubwa, alikuwa akiishiwa nguvu kila alasiri, kwa sababu nyumba za wakubwa wa wakati ule zilikuwa zinachelewa sana kula chakula cha usiku. Akawa anaagiza chai, mkate wa siagi na keki kidogo, kisha akaanza kuwaita marafiki waje wanywe naye wakiongea. Makao ya ukoo wao ni Woburn Abbey, na Woburn haipo London, mwanangu. Ipo Bedfordshire, kaunti hiyo hiyo ya Luton unakoishi. Unataka kupanda treni kwenda mbali kutafuta kitu ambacho kinasemekana kilianzia jirani na kwako.

Tuje kwenye hizo pauni 80. Hoteli za London zenye majina, kama Ritz iliyofunguliwa mwaka 1906, hulipisha jina, dari, piano, mavazi ya wahudumu na mtaa zilipojengwa. Mwanaume haruhusiwi kukaa pale kwenye chai bila koti. Sizibezi, aliyejaliwa na hana deni aende akafurahi. Lakini bei unayoiona mara nyingi siyo utakayolipa. Hoteli nyingi huongeza asilimia 12.5 ya huduma, kwa hiyo 160 yenu nyinyi wawili inakuwa 180, na nauli ya treni bado. Ukitoka nje ya London, kwenye hoteli ndogo za miji na vijiji, kwa kawaida utapata chai kamili ya alasiri kwa pauni 25 hadi 40 kwa mtu: sinia lile lile, sandwichi zile zile zisizo na maganda, keki ndogo ndogo na buli la chai. Hata hiyo ikiwa nzito, ipo ya chini yake, buli la chai na skonzi mbili na jamu na krimu nzito, ambayo migahawa mingi ya chai huiuza kwa kama pauni kumi hivi. Chakula hakina tofauti ya kukufanya ulipe mara mbili.

Tofauti ipo kwenye picha. Na hapa nitakusema kidogo, kwa kuwa nakupenda. Umeniandikia kwamba zile picha za rafiki yako hazikutoki kichwani. Kutaka mama yako aonekane ameheshimiwa si dhambi, na kwa mtu aliye mbali na kwao ni maumivu ya kweli, kila mwaka unawaona wenzako wanawalipa wazazi wao fadhila na wewe bado. Lakini yule alimpeleka mama yake, na wewe una wa kwako, na mahitaji yake si yale. Fikiria siku yenyewe itakavyokuwa. Mtoto wa miezi minne ananyonya. Utabeba kigari kwenye ngazi za stesheni, utafika umechoka, na kule wanakupa saa moja na nusu au mbili, kisha meza ina watu wengine. Mtoto akilia utasimama naye kwenye korido ukimbembeleza, na mama atabaki peke yake mezani, amekaa wima kwa adabu, analinda sahani yako, anaogopa kugusa kitu. Hayo ndiyo utakayokuwa umeyanunua kwa hizo pauni 100 au zaidi za ziada.

Kwa hiyo tafuta mahali karibu. Anza na kijiji cha Woburn na vijiji vya jirani, piga simu uulize wapi wanatoa chai ya alasiri, wapi pana nafasi ya kigari, na wapi unaweza kumnyonyesha mtoto kwa utulivu. Chagua siku ya katikati ya wiki, mara nyingi ni nafuu na watu si wengi. Mkubwa abaki na baba yake.

Paa nalo sijalisahau. Mume wako amesema jambo la maana, na kama mkwe amesema jambo la heshima, maana si wanaume wote wanaokumbuka paa la mama mkwe. Katika zile 180 ulizokuwa tayari kuzitoa, ukitumia 70 au 80 karibu na nyumbani, inabaki kama pauni 100, ambayo ni zaidi ya laki tatu za Tanzania. Mkabidhi yeye, aitume kwa fundi kwa jina lake, na mama ajue imetoka kwa mkwe wake. Lakini usikubali ile kanuni iliyojificha nyuma ya maneno yake, kwamba maadamu kuna shida nyumbani mama hawezi kukaa chini akahudumiwa. Paa likishazibwa choo kitatitia, choo kikisha kuna ada ya mtoto wa kaka, halafu mgonjwa, halafu msiba. Sisi tunaotuma pesa nyumbani tunaijua foleni hiyo. Mama akiwekwa mwisho wa foleni hafikiwi, na tunakuja kumnunulia vitu vizuri siku ambayo hawezi tena kuviona. Nimezika wengi wa aina hiyo na nimewasikia watoto wao wanavyolia. Sitaki uwe mmoja wao.

Kuhusu siri zako mbili. Kibindo si kosa, mwanamke mwenye akiba yake ana akili. Lakini safari hii usiifanye kwa kujificha. Mkalishe baba watoto, mwambie una kiasi gani, umepunguza nini kutoka wazo la kwanza, na sehemu gani inakwenda kwenye paa. Mtu aliyekasirikia laki tano anaweza kabisa kuikubali laki mbili na nusu akishirikishwa, hasa akijua kwamba amesikilizwa.

Na mama usimdanganye kuwa ni ofa. Ukimwambia ni bure atamshukuru mwenye hoteli. Dua itakwenda kwa mtu asiyemjua, na wewe uliyebeba wazee migongoni usiku ili upate pesa hiyo utakaa pale ukinyamaza. Mwambie, "Mama, nimekulipia mimi, ni pesa ya jasho langu." Bei usimtajie mkiwa mezani, lipa mapema unapoweka nafasi ikiwezekana, ili bili isije ikapita mbele ya macho yake. Akikuuliza mkisharudi, mwambie ukweli. Atagomba. Muache agombe, ni haki yake.

Sasa mambo ya mezani, ambayo yanaweza kuharibu siku kuliko bei. Unapoweka nafasi sema wazi kwamba mnakula halali. Sandwichi za kawaida huwa na nyama ya nguruwe au kuku ambaye hakuchinjwa kwa utaratibu wetu, na baadhi ya vitamutamu vina jelatini ya nguruwe. Wengi watakupangia vingine ukiwaarifu siku kadhaa kabla: yai, tango, jibini, samaki. Ile inayoambatana na shampeni ni ghali zaidi na haiwahusu. Ulizia kama chai na sandwichi zinaongezwa bila malipo, sehemu nyingi huongeza, na keki zikibaki waombeni kiboksi, hakuna aibu hapo, wenyewe Waingereza wanaomba. Tazama pia saa ya swala ya alasiri kwa msimu huo ili mama asikae akiwa na wasiwasi.

Mtayarishe kuhusu chai yenyewe. Amezoea chai iliyochemshwa pamoja na maziwa, tangawizi na iliki, inayounguza ulimi. Kule ataletewa buli la majani yaliyotiwa maji ya moto na maziwa ya baridi kando, naye atasema imepoa. Usimwagizie Earl Grey, inanukia bergamoti na ataona kama amemiminiwa manukato. Agiza Assam au chai ya kawaida ya asubuhi, ambazo ni nzito na zinahimili maziwa. Na skonzi za kule hazina hamira kama zile za maduka yetu. Zinamomonyoka, unazipasua kwa mkono na kupaka jamu na krimu. Watu wa Devon hutanguliza krimu, wa Cornwall jamu. Mama apake anavyotaka.

Nimeliacha mwisho lile lililonigusa zaidi katika barua yako, kwamba mama amechuma chai maisha yake yote. Chai ililetwa milima ile ya Usambara na Wajerumani, walioijaribu kwenye kituo chao cha kilimo cha Amani mwanzoni mwa miaka ya 1900. Tangu hapo vizazi vya akina mama vimechuma majani mawili na kichomozo, vikabeba matenga kwenye miteremko ile na baridi ile, vikapimiwa kwa kilo, na hadithi yao ikaishia kwenye mizani. Chai ya Tanzania ikauzwa kwa miaka mingi mnadani Mombasa, pamoja na ya Kenya na majirani, ikachanganywa na kutiwa kwenye vipakiti. Majina yatakayoandikwa kwenye karatasi ya hoteli yatakuwa mengi ya India na China. Chai ya Afrika Mashariki utaikuta zaidi kwenye pakiti za supamaketi, pengine hata hiyo iliyopo kabatini kwako.

Mama hajawahi kukaa upande huu wa safari ya jani lake. Kwa hiyo mkiwa pale, mtoto akilala, muulize. Alianza kuchuma akiwa na miaka mingapi, nani alimfundisha, siku ya mvua walifanyaje, kilo ilikuwa shilingi ngapi ulipoanza shule. Washa simu urekodi sauti yake, kwa ruhusa yake, maana hao wajukuu waliozaliwa Luton watayahitaji maneno hayo kuliko picha ya sinia. Picha nayo pigeni. Amevaa kanga yake au kitenge chake kizuri, asivalishwe nguo ya kuazima.

Piga simu wiki hii usije ukakosa nafasi. Nisalimie mama sana, na mwambie pole kwa kulea.

Shangazi yako